Tulipompelekea Masera Sambaza Huko Bruges

Nyinyi wa nyumbani kule Walungu mliniuliza kwa simu safari ilikuwaje, nami nikasema nimechoka, nitawaandikia. Sasa nawaandikia, na uchovu bado ninao.

Safari haikutoka kichwani mwangu. Ni Nabintu, binti yetu wa kwanza, aliyesema: "Maman, papa, muko hapa Bruxelles miaka kumi na nane, mumeona nini? Hôpital, ofisi ya commune na kanisa." Mimi na baba yake tulikuwa tumetimiza miaka hamsini ya ndoa, basi akatupangia siku mbili za kutembea Bruges, mji wa zamani ambao mitaa yake imekatwa na mifereji ya maji. Mimi nilitaka kulala tu. Lakini niliposikia Bruges, nilikubali haraka, maana huko nilikuwa na kazi yangu.

Padri wetu, Abbé Cirhuza, alikuwa amenidokezea kwamba masera wazee, wale watawa wa kike waliofanya kazi kwetu, wanatunzwa huko, katika nyumba moja nyuma ya mfereji. Nikamfikiria masera wetu wa maternité, wodi ya kuzalia, yule tuliyemwita Nabintu, mwenye vitu, sababu ya sanduku lake la dawa na nguo. Ndiye aliyempokea mtoto wangu. Mtoto alitoka bila kulia, akahema kidogo kidogo kama kifaranga, na masera alikesha naye. Kulipopambazuka, masera mwenyewe alikuwa na homa kali. Wakampakia kwenye gari, akapelekwa Bukavu, kisha Ulaya. Mtoto alilia kesho yake. Tukampa jina la masera, na masera hakuambiwa. Kwetu mnajua: aliyepokea mtoto kwa mikono yake lazima aambiwe jina, aletewe na chakula. Miaka arobaini na tisa nilikuwa sijafanya hivyo.

Ijumaa nilishuka Matonge, mtaa wa watu wa kwetu, kwa Maman Espérance mwenye duka katika Galerie d'Ixelles, nikachukua sambaza kavu, vile visamaki vya ziwa letu, na sombe, majani ya muhogo. Nikapika, nikafunga sufuria kwa kitenge.

Jumamosi, saa mbili asubuhi, tulikuwa kwenye stesheni ya Gare du Midi. Kutoka kwetu Berchem kwa tramu tayari goti la kushoto lilikuwa linalalamika. Mume wangu, Papa Bisimwa, aliangalia sufuria.

"Mama Nabintu, tunaenda vacances ao tunakimbia vita? Ukimbizi tulishamaliza!"

"Beba sanduku yako, niache na nyungu yangu."

Ndani ya treni tulikaa na mama mmoja Mflamani, Godelieve, na mbwa wake Max. Mbwa hakuniangalia mimi hata kidogo. Aliangalia kitenge mpaka tuliposhuka.

Bruges ni nzuri, sitadanganya. Nyumba zimesimama na miguu ndani ya maji, paa zimechongoka kama ngazi, na kengele zinaimba juu ya mnara. Lakini njia zote ni za mawe ya mviringo. Kila jiwe nililisikia kwenye kiuno. Watu ni wengi, wanapiga picha daraja, bata mweupe, hata mlango. Nabintu alikuwa ametulipia mtumbwi wa mashini. Mwenye kuuendesha, Wouter, alisema tuinamishe vichwa chini ya kila daraja. Madaraja hayakwisha. Upepo ulikuwa baridi, nami nilikuwa nimekumbatia sufuria.

"Maman, una chakula?" Wouter aliuliza kwa Kifaransa.

"Si yako," Papa Bisimwa akajibu. "Hata mimi bwana yake sijaonja."

Watu wote wakacheka. Hôtel tulimolala ilikuwa na ngazi za mzunguko, ngazi thelathini na moja, nyembamba kama za kupandia dari. Nilizipanda nikikaa kila baada ya tano. Sufuria niliiweka nje ya dirisha, kwenye baridi.

Jumapili, saa nne, baada ya misa, tulifika kwenye nyumba ya masera. Msichana wa mapokezi alikuwa na jina kifuani: Annelies.

"Mnamtafuta nani?"

"Masera Nabintu."

Akaandika kwenye mashini. Hakuna. Akauliza jina la ukoo. Sikulijua. Jina la ubatizo. Sikulijua. Mwaka wa kuzaliwa. Nikamwangalia Papa Bisimwa, naye akaangalia viatu vyake.

"Na mna rendez-vous?"

Kwetu nani alishawahi kuomba miadi ya kupeleka chakula? Nilikaa kwenye kiti bila kukaribishwa. Mimi ninayewataja kwa majina hata mbuzi wa baba yangu, nilikuwa nimebeba jina ambalo tulimpa sisi wenyewe, na hapa mlangoni halikufungua kitu.

"Twende," Papa Bisimwa akasema polepole. "Treni ni saa tisa. Umejaribu, mama."

"Subiri." Nikamgeukia Annelies. "Mrefu. Kidole kidogo cha mkono wa kulia hakikunjiki. Na anapofuma nyuzi anapiga mluzi. Hata usiku wa uchungu alikuwa anapiga mluzi."

Annelies aliweka kalamu chini. "Mluzi?" Akaanza kucheka. "Ghorofa ya pili nzima wananilalamikia mluzi huo!"

Tuliusikia tangu kwenye korido. Mlangoni kuliandikwa Zuster Christiane. Alikuwa ndani ya kiti karibu na dirisha, mdogo kuliko nilivyomkumbuka, sindano za kufumia mkononi. Nilimsalimu kwa Kiswahili, naye akajibu kwa Kiswahili, kimepata kutu kidogo.

"Karibu, mama. Lakini sikujue. Watoto walikuwa mingi sana."

"Masera, kulikuwa vitanda sita. Cha kwanza M'Cibalonza, mapacha. Cha pili Faida. Cha tatu Furaha, bibi ya Rukeba, alikuwa anatukana kila mutu."

"Furaha!" Masera akatikisa kichwa. "Alinitukana na mie."

"Cha tano Vumilia, cha sita M'Nshombo. Miye nilikuwa cha ine, karibu na mlango."

Sindano zikasimama.

"Cha ine, mutoto hakulia," akasema. "Ule alikufa. Kila mwaka ninamuombea na wale walikufa."

Kumbe. Mimi nilidhani ninamletea jina tu.

"Hakufa, masera. Alilia kesho yake, alilia mpaka tukachoka naye. Ni infirmière, anauguza wagonjwa kule Bruxelles. Anaitwa Nabintu."

Alinishika kifundo cha mkono kwa vidole viwili, kama anayepima mapigo ya damu, na akakaa hivyo. Papa Bisimwa alijifanya anafungua kitenge. Kisha masera akainusa sufuria.

"Ni sambaza?"

"Ni sambaza."

"Na munanikalisha na njaa?"

Alikula kwa mkono. Annelies alipanda kusema harufu inafika chini, masera akamjibu jambo kwa Kiflamani, msichana akaenda zake anacheka. Sufuria ilipooshwa, masera akakumbuka desturi yetu, kwamba chombo hakirudi kitupu. Akavuta kikapu chake, akatoa kofia nyeupe ya mtoto mchanga, akaiweka ndani ya sufuria. Mnakumbuka, kwenye maternité kila mtoto aliyelia alivikwa moja.

"Ule wa kitanda cha ine sikumuvalisha," akasema. "Umupelekee."

Alasiri, ndani ya treni, Papa Bisimwa alilala mdomo wazi. Mimi nilikuwa nimechoka kupita usingizi. Niliwaza: nimejisifu maisha yote kwamba nakumbuka kila jina, na sikuwahi kumuuliza masera huyu jina lake. Sasa ninalo. Christiane. Mkiwa na mtu kama huyo, muulizeni jina lake.

Gare du Midi, Nabintu alikuwa anatungoja. Soko la Jumapili lilikuwa limekwisha, wanafagia.

"Bon, maman, ule mtumbwi ulikuwa muzuri?"

"Baridi." Nikampa sufuria. "Fungua. Ni yako, imechelewa kidogo."

Nilimwambia yote pale pale, tumesimama. Aligeuza kile kikofia mara mbili, kisha akakiweka kichwani mbele ya watu wote, mama wa miaka arobaini na tisa. Kilikaa juu ya misuko yake kama kifuniko cha chupa. Baba yake alicheka mpaka akakaa juu ya sanduku, nami nikakaa kando yake, maana miguu ilikuwa imekwisha.

Hatukumwambia akivue. Tulipanda naye tramu ya Berchem hivyo hivyo.