Maneno ya Mama Niliyoyameza Mbele ya Meya

Nimekosa mie. Visingizio ninavyo vingi, na hata kimoja hakijanisaidia kulala, kwa hiyo sivileti hapa. Nihukumuni mnavyotaka.

Mie ni mtu mzima sasa, nakaa Walthamstow tangu nilipoletwa London kutoka Unguja nikiwa mdogo. Mamangu Kiingereza anacho cha dukani tu. Tangu nina miaka tisa mie ndiye mdomo wake: kwa daktari, ofisi ya nyumba, hata shuleni kwangu mwenyewe! Nikajifunza ujanja mbaya. Mama akisema kumi, Mzungu nampa mawili. Akilia, nasema amechoka. Akigomba, nasema anashukuru. Nikidhani namsitiri!

Marehemu babangu alikuwa dereva wa basi. Nyuma ya nyumba yetu pana klabu ya bowls, ule mchezo wa wazee wa Kizungu, wamevaa nyeupe tupu, wanaviringisha mipira mizito juu ya nyasi ili ikisogelee kipira kidogo cheupe. Baba aliingia kwa utani, akanogewa. Mama akimpigia pasi suruali yake nyeupe na kumcheka: "Bwana harusi, leo unaoa wapi?"

Mwaka mmoja Baba akachukua ubingwa wa klabu. Mabingwa wote huandikwa majina yao kwa rangi ya dhahabu kwenye ubao wa ukutani. La Baba halikuandikwa. Mara fundi anaumwa, mara ubao utabadilishwa. Baba akafa, jina halimo.

Mama hakusahau. Kila msimu ukifunguliwa alipeleka sambusa pale klabuni, na akiingia tu macho yake yako ubaoni. Kisha sukari ikaanza kumla hayo macho. "Nataka nilione jina la babako kabla sijawa kipofu," akaniambia. Hilo tu ndilo alilolitaka.

Msimu ule akaja Meya kuufungua, mkufu mzito kifuani. Akaviringisha mpira wa kwanza, ukaenda moja kwa moja mtaroni, na watu wakapiga makofi vivyo hivyo! Halafu katibu wa klabu, mzee mmoja mwenye adabu zake, akasema tumsikie na mama yetu wa sambusa.

Mama akasimama, akatengeneza mtandio wake, akanishika mkono. "Waambie hivi hivi ninavyosema. Usinipunguzie. Mficha uchi hazai."

Akasema, kwa heshima lakini bila kumung'unya: "Mheshimiwa, mume wangu aliwashinda watu hapa. Mkampa mkono, mkamnyima jina. Angekuwa mwenzenu mngemwandika siku ile ile. Mie macho yangu yanakwisha. Naomba aandikwe, nimwone, basi."

Jamani! Uso uliniwaka moto. Wote wanatutazama, wanatabasamu, vikombe vya chai mkononi. Na Meya punde tu alikuwa amenisifia Kiingereza changu, na mie kichwa kimevimba! Nikafungua kinywa nikasema: "Anawashukuru sana kwa kumkaribisha, na anawatakia msimu mwema."

Makofi! Meya akamjia Mama, akamshika mikono yote miwili. Mama machozi yakamtoka, masikini. Kumbe anadhani amekubaliwa.

Njiani akaniuliza, "Kasemaje?"

"Kasema sawa, Mama."

Basi akaanza kungoja. Akawapigia simu jamaa wa Unguja: "Meya mwenyewe kakubali!" Miezi ikaenda, na macho yake yakaenda nayo. Kila akiniuliza nikamwambia mafundi wa huku wana foleni. Ningeweza kwenda kwa katibu siku yoyote ile, na klabu iko nyuma ya nyumba! Sikwenda. Niliogopa kuulizwa mbona siku ile sikusema.

Mwisho Mama akachoka na mie. Akamwita shangazi yangu, dada wa Baba, anayekaa Hayes, hapa hapa London, na kukijua Kiingereza, wakaenda klabuni wawili. Katibu akashangaa. "Lakini siku ile alitushukuru tu! Mbona hamkusema? Hii ni kazi ya asubuhi moja."

Na kweli, wiki ile ile jina likaandikwa. Mama akapelekwa akasimamishwa mbele ya ubao. Akaukodolea macho, akasogea, akaukodolea tena. Kisha akamwambia shangazi, "Nisomee."

Shangazi alinipigia simu akanipasha. "We mtoto huna haya! Umemfanya mamako bubu!" Mama hakunitukana. Bora angenitukana! Namwamkia shikamoo, ananiitikia marahaba, na chakula ananiwekea. Lakini neno lake halipiti tena kinywani mwangu.

Juzi nilimpeleka hospitali ya macho. Nesi akaniuliza kama mie ndiye nitakayefasiri. Kabla sijajibu, Mama akaninyooshea kidole na kusema kwa Kiingereza chake cha dukani: "No her. Other one."

Si huyu. Mwengine! Mbele ya watu!

Wakamtafutia mkalimani wa kwenye simu, bwana mmoja sijui hata wa wapi, na mie nikaambiwa nisubiri nje. Nikakaa kwenye benchi, namsikia mamangu ndani anazungumza kwa kirefu, mara anacheka, na maneno siyapati. Alipotoka nikamuuliza daktari kasemaje. Akanijibu, "Aliyeambiwa kaelewa."

Nyinyi mnaowasemea wazee wenu kwenye nchi za watu, nawaomba, toeni yote kama mlivyopewa. Yakiwa makali, yatoke makali, na mwenye kununa anune! Msione haya kwa niaba ya mtu ambaye mwenyewe haoni haya. Mie leo nikitaka kujua kama mamangu bado anaona chochote, nampigia simu shangazi, na shangazi akipenda ananiambia.