Wageni Waliojiamsha kwenye Kompyuta ya Mama

Mama hakunipigia simu kuhusu kompyuta. Alinipigia kuhusu wimbo.

"Nau," alisema, "siku hizi mama yako mdogo ndiye anaanzisha wimbo."

Mimi ni mwanawe wa pili wa kiume, na kwetu Ukambani mtoto wa aina hiyo hubeba jina la babake mama. Ndiyo maana huniita nau, baba yangu, tangu nikiwa nimebebwa mgongoni. Ni cheo kikubwa kisicho na mamlaka yoyote. Nimewahi kuchapwa na mwanamke huyu huku akiniita baba yake kwa heshima zote.

Nilijua mara moja kwamba jambo ni zito. Mama anaishi Kilungu, na mdogo wake wa pekee aliolewa Kitui. Tangu magoti yao yalipokataa safari, hukutana kila jioni saa kumi na mbili kwenye skrini, mama kwa kompyuta, mama mdogo kwa simu. Huimba wimbo mmoja, husoma Biblia kidogo, huomba, halafu husengenya kwa kiasi. Wimbo huanzishwa na mkubwa. Ilikuwa hivyo walipokuwa wasichana wakipanda mlima na mitungi ya maji: mama mbele, wimbo wake, na mdogo akiitikia nyuma. Tena mama mdogo alikuwa matroni wa shule ya bweni. Saa kumi na mbili kwake ni kengele. Hangojei mtu.

"Ile mashine inachelewa kuamka," mama akaendelea. "Nikiingia nakuta yuko ubeti wa pili. Ananitazama akiimba. Anatabasamu."

"Labda anafurahi kukuona, mwaitu," nikasema, yaani mama yangu kwa Kikamba.

"Namjua huyo. Hatabasamu hivyo akifurahi."

Mashine yenyewe ilikuwa yangu zamani. Nilimpa niliponunua nyingine, zawadi ya aina ile ambayo mtu hutoa akishindwa kuamua pa kutupa kitu. Nikaahidi kwamba Jumamosi nitatoka mjini Wote, ninakoishi, nije niitengeneze. Sikusomea kompyuta, lakini katika ukoo wetu digrii ni digrii. Kwa cheti hicho hicho nimeshaombwa kusoma picha ya mfupa, kufasiri barua ya shamba, na kutoa maoni juu ya mbuzi aliyevimba tumbo. Kuhusu mbuzi, nilisema tungoje tuone. Akapona, na heshima yangu ikapanda.

Nilifika alasiri. Mama aliiwasha kompyuta, kisha akaenda jikoni kuweka chai. Nilidhani ameniachia kazi. Kumbe ndivyo ilivyowashwa siku zote: unabonyeza, unaondoka, unafungia kuku, unachambua mboga, unarudi. Tulikunywa chai na kula parachichi, na bado kile kiduara kilikuwa kinazunguka katikati ya skrini. Halafu mambo yakaanza kujitokeza, moja baada ya jingine, kama watu wa harusi waliochelewa ambao kila mmoja anataka kusalimia meza yote. Dirisha moja liliuliza kama tunataka muziki. Jingine lilitangaza kwamba printa haionekani. La tatu, jekundu, lilitoa mlio na kusema tuko hatarini.

Nikafungua ile orodha ya programu zinazojiamsha zenyewe mashine inapowashwa. Ilikuwa ndefu kuliko skrini. Mama alivuta kiti, akavaa miwani.

"Hawa wote ni nani?"

"Ndio nataka kukuuliza wewe. Waliingiaje?"

"Walibisha hodi."

Nikamtazama.

"Si huwa inauliza?" akasema. "Inakuja vizuri, 'Unaniruhusu?' Ndiyo au hapana. Sasa mtu amefika mlangoni kwangu, ameomba kwa adabu, nimwambie hapana? Kabla hajapewa hata maji?"

"Mwaitu, hiyo si mtu."

"Iliuliza kama mtu."

Nimekulia katika nyumba hiyo. Hakuna aliyewahi kufika pale akarudishwa: wauza vitabu vya dini, watafuta ng'ombe waliopotea, hata yule wa vyombo vya plastiki ambaye mama hakuwahi kununua kitu chake na ambaye hakuwahi kukosa chakula cha mchana. Miaka yote hiyo mama alikuwa ameipokea programu baada ya programu kwa moyo ule ule, na zote zilikuwa zimekaa, zinakunywa chai.

Kwa hiyo sikuweza kuzifuta kimyakimya. Ilibidi kila moja iagwe.

"Huyu wa kwanza anafanya kazi gani?"

"Anaitafuta printa."

"Tuna printa?"

"Ilikufa zamani."

"Maskini. Hakuna aliyemwambia." Akafikiri kidogo. "Mwache aende."

Wa muziki akaenda. Wa kuhifadhi picha, ambaye hakuwa na hata picha moja, akaenda. Watatu walikuwa wanafanya kazi moja na hawajuani, nao wakaenda. Tukafika kwa yule mwekundu, mlinzi dhidi ya virusi ambaye malipo yake yalikwisha nikiwa bado ninaitumia mashine, na ambaye tangu hapo hakuwa na kazi nyingine ila kutisha watu.

"Huyo kila siku ananiambia niko hatarini," mama alisema. "Nimekuwa nikiliombea jambo hilo. Mama yako mdogo pia."

"Mmekuwa mkiombea nini hasa?"

"Hatari. Hajawahi kusema ni ipi."

Nikamwondoa, nikaacha ulinzi wa kawaida uliokuja na mashine yenyewe. Mmoja tu ndiye aliyetetewa. Alikuwa wa hali ya hewa, na kwa sababu zake mwenyewe alikuwa ameamua kwamba tunaishi katika mji fulani wa mbali unaoganda. Niliposogeza kipanya kumzima, mama alinishika mkono.

"Huyo mwache. Jana walikuwa na theluji. Nataka kujua wameamkaje."

Sikubishana. Mgeni mmoja hawezi kuilemea nyumba.

Hapo ndipo ningesimama kama ningekuwa mtu wa kiasi. Lakini kazi ya kufagia ina ulevi wake. Nilizima kila kilichobaki kwenye orodha bila kukisoma, kisha nikaondoa vile vialama vyote vilivyotapakaa kwenye skrini, mpaka ikabaki tupu kama uwanja uliopigwa fagio kabla ya wageni wa kuleta mahari. Nikazima mashine, nikaiwasha upya. Mama aliinuka kama kawaida kwenda kuwafungia kuku. Hakufika mlangoni. Kompyuta ilikuwa macho, imetulia, inamngoja.

"Nau!" Alipiga makofi mara moja, akavishika viganja vyake. Nikaegemea kiti. Nilianza kumweleza kwa sauti ya mtaalamu jinsi kumbukumbu ya mashine inavyogawanywa, na nadhani nilitumia neno tarakilishi, ambalo hulitumia nikijisikia vizuri sana.

Mama hakuwa ananisikiliza. Aliitazama skrini, akatazama saa ya ukutani, akaitazama skrini tena. Saa kumi na mbili ilikuwa karibu kugonga.

"Na dada yangu yuko wapi?"

"Fungua tu ile programu yenu."

"Huwa siifungui. Huwa iko. Nikirudi kutoka kwa kuku naikuta, nabonyeza kijani."

Ikanijia taratibu, kama baridi kwenye miguu. Katika ile orodha, chini kabisa, programu ya kuongelea ilikuwa mmoja wa wale niliowatoa bila kuwauliza jina. Na alama yake nilikuwa nimeifagia pamoja na takataka nyingine.

"Umemfukuza mtu wangu," mama alisema, polepole. "Umebakisha wale wa theluji, ukamfukuza wa Kitui."

"Subiri, mwaitu."

"Yeye hasubiri!"

Nilitafuta. Nilifungua kitu ambacho kilikuwa kikokotozi. Nilifungua kingine, nacho kikaniuliza kama nakiruhusu, na mama, kwa mara ya kwanza maishani mwake, akasema nyuma yangu kwa ukali: "Hapana! Mwambie hapana!" Mwishowe niliandika jina la programu yao kwenye kisanduku cha kutafutia, jambo ambalo mtu mwenye akili angeanza nalo, na programu ikajitokeza bila kinyongo. Kitufe cha kijani kikawaka. Mama aliniondoa kitini kwa kiwiko, akajifunga leso kichwani, akabonyeza.

Ndani hakukuwa na mtu. Mama alikuwa amefika wa kwanza.

Alikaa wima, mikono mapajani, akiitazama skrini tupu kwa furaha ambayo sijaiona hata siku ya mahafali yangu. Kisha uso wa mama mdogo ukatokea, umeinama, kichwa wazi, akihangaika na kitambaa.

"Dada! Umeingiaje?"

"Umechelewa," mama alisema.

"Sijachelewa, saa ndiyo inagonga!"

"Nimekungoja."

Na kabla mwenzake hajamaliza kujifunga, mama akaanzisha wimbo. Aliuanza juu sana, juu kuliko sauti ya mtu wa umri wake inavyofaa kwenda, ili mdogo wake ajue mkubwa ni nani. Mama mdogo alicheka, akaitikia. Nilisimama kando ya kabati nikiimba besi ambayo hakuna aliyeniomba.

Mama ndiye aliyeomba pia. Alimshukuru Mungu kwa kuiondoa ile hatari iliyowasumbua muda mrefu, akawakumbuka wale watu wa baridi. Mimi sikutajwa. Nilisema amina kwa sauti, halafu, wao walipohamia masengenyo, nikasogea taratibu na kuirudisha programu ile kwenye orodha ya wanaoamka na mashine. Niliirudisha mama akinitazama kwa jicho la pembeni, na sikugusa kingine.