Siku M10 Ilipotangulia M2

Kadi zile zilinukia sabuni ya mche. Mwalimu wetu alizikata kutoka kwenye boksi la duka la ushirika, maana karatasi ilikuwa adimu, na harufu ile ilibaki vidoleni mwangu hata baada ya kula. Niliikumbuka mwezi uliopita, hapa Ujiji, nikiwa nimekaa mbele ya kompyuta. Ninajifundisha mwenyewe, kwa kitabu, lugha moja ya kompyuta iliyotungwa kwa ajili ya wanaoanza, na siku hiyo niliiagiza mashine inipangie orodha ya mitumbwi inayotuletea dagaa. Ikaniletea M1, M10, M11, na kuendelea hivyo hadi M19, halafu ndiyo M2. Mwingine angedhani mashine imeharibika. Mimi nilicheka peke yangu, kwa sababu kosa hilo nililifanya kabla yake, nikiwa na miaka kumi.

Ilikuwa miaka ile ya kuhamia vijiji vya ujamaa. Sisi tuliokaa mlimani nyuma ya Simbo, kila nyumba katikati ya shamba lake, tuliambiwa tushuke tujenge pamoja bondeni. Tulikuwa kaya ishirini na nne. Ili pasiwe na upendeleo, ilipigwa kura: aliyepata namba moja angechagua kiwanja kwanza, wa pili baada yake, hivyo hivyo hadi mwisho. Bibi yangu, mama mzaa mama, ambaye ndiye aliyenilea, alipata M3. Herufi M ilikuwa ya watu wa mlimani. Kiwanja chake alikuwa nacho moyoni tayari. Kilikuwa kulekule bondeni, na michikichi mitatu aliyoipanda kwa mikono yake enzi za babu, na mawese ya michikichi ile ndiyo yaliyotupikia mboga na kuninunulia daftari.

Mwalimu alinipa kadi nizipange, kila moja ina namba na jina la mwenye kaya, kwa kuwa ni mimi niliyekuwa nikimpangia kialfabeti majina ya darasa la kisomo cha watu wazima. Kanuni yake nilikuwa naijua kama jina langu. Tazama alama ya kwanza. Zikilingana, tazama ya pili. Zikilingana tena, nenda ya tatu. Aliyeishiwa alama mapema anatangulia. "Usibahatishe, Adela," alizoea kusema, "fuata kanuni." Basi nikaifuata. M zote zililingana, nikatazama alama inayofuata. Zenye moja nikaziweka pamoja, zenye mbili pamoja. Ndivyo M10 ilivyokaa nyuma ya M1, na M3 ya bibi, ambayo ilipaswa kuwa ya tatu, ikawa ya kumi na nane. Nililala nikijisifu.

Asubuhi Mwalimu aliitwa Kigoma mjini kwenye mkutano. Mwenyekiti wa kijiji, ambaye macho yake hayakuona tena maandishi, aliniita mbele ya watu. "Wewe soma majina tu. Namba zimekwisha kazi yake."

Nikasoma. Wa kwanza akachagua karibu na barabara. Nikasoma kadi ya pili, na Mzee Bitaho akainuka huku akitazama nyuma kana kwamba ameitwa Bitaho mwingine. Hakusubiri kuulizwa. Alikwenda moja kwa moja kwenye michikichi mitatu, akachimbia jembe lake ardhini. Kwetu jembe likishasimama, kiwanja kimepata mwenyewe.

Watu wakaanza kunung'unika. Baba mmoja aliyepata M2 alisema, "Mwenyekiti, mimi juzi nilikuwa wa pili. Leo wa pili amezaliwa wapi?"

"Kadi zimepangwa kisomi," Mwenyekiti akamjibu. "Au wewe umesoma kumshinda huyu mtoto?"

Watu wakacheka. Nami, nisiwafiche, nikavimba kichwa. Nikasema kwa sauti kuwa ndivyo kanuni ilivyo, nikaendelea kusoma: wa tatu, wa nne, wa tano.

Hapo bibi akasimama. Hakujua kusoma hata herufi moja. "Adela, mwana wanje," aliniita kwa Kiha, mwanangu, "kisimani ndoo yako ikiwa ya tatu, wangapi wanateka kabla yako?"

"Wawili, bibi."

"Na hapa wamekwishatangulia wangapi?"

Nilitazama majembe yaliyosimama bondeni. Nikayahesabu, ingawa sikuwa na haja ya kuyahesabu. "Watano," nikasema. Kisha nikasema na lililobaki: "Nimepanga vibaya. Turudie."

Mwenyekiti aliamuru majembe yang'olewe. Mzee Bitaho aling'oa lake taratibu, akapita mbele yangu akilifuta udongo. "Huyu mtoto siku akipanga mazishi," alisema, "nitazikwa kabla sijaugua." Bonde zima likacheka, na yeye pia. Mwenyekiti akataka kutafuta msomaji mwingine. Bibi akakataa: "Huyo huyo. Sasa anajua."

Nilizipanga upya palepale chini, kwa namba, nikasoma. Kadi ya tatu ilipofika, bibi alikwenda kwenye michikichi yake bila haraka.

Kompyuta yangu nimeshairekebisha. Nimeiagiza itenge herufi na tarakimu, izisome tarakimu kama namba wala si kama maandishi, kisha ndipo ilinganishe. Ni mistari michache tu. Haikuwa imekosea. Ilifanya nilichoiambia, na haikuwa na njia ya kujua kwamba nilitaka kingine.

Mimi nilikuwa nayo njia. Jambo ambalo sikumwambia mtu siku ile ni kwamba nililiona kosa mara tu Mzee Bitaho alipoinuka, namba kumi ikiwa mkononi mwangu. Niliendelea kusoma kwa sababu kanuni ilikuwa upande wangu. Miaka mingi niliamini kwamba bibi alinisaidia kuhesabu. Leo naelewa kwamba hesabu alikuwa ameimaliza zamani, na angeweza kumwambia Mwenyekiti moja kwa moja kuwa mtoto kaharibu. Alikuwa ameniona usoni. Aliniuliza swali ambalo jibu lake nilikuwa nalo tayari, ili nilitoe mwenyewe.