Simu Ilipotuma Namba kwa Binti Niliyemfukuza

Mimi ni fundi wa kufuli. Kazi yangu ni kuwafungulia milango watu waliojifungia nje, na mwezi uliopita nilifungiwa nje na simu yangu mwenyewe.

Haya yamenikuta mimi, sikuyasikia kwa mtu. Naandika kwa kidole kimoja, kwa hiyo mtanivumilia.

Ilianza hivi.

Mteja mmoja aliniletea kufuli lililokwama. Nikatoa simu nilipige picha kabla sijalifumua, maana ukifumua bila picha, zile springi ndogo zinakuchanganya wakati wa kurudisha. Nikachora mchoro wa kufungulia simu. Kuinua macho, mteja anakitazama kidole changu.

Sisi watu wa kufuli tuna ugonjwa mmoja. Hatuyaamini macho ya mtu.

Alipoondoka tu, nikabadilisha mchoro. Nikaweka mwingine mgumu, wa kona kona, nikajisifu moyoni. Kuandika kwenye karatasi? Thubutu. Katika kazi yangu siri haiandikwi.

Kesho yake asubuhi nimeusahau.

Kona ya kwanza naikumbuka, ya pili naikumbuka, ya tatu patupu. Nikajaribu. Simu ikaniambia nisubiri sekunde thelathini. Nikajaribu tena, nisubiri dakika kumi. Kufikia mchana inaniambia nisubiri saa nzima, utadhani naomba kazi.

Jirani yangu wa kibanda ni kinyozi. Akanichungulia na mashine yake mkononi.

"Mzee Kufuli, hiyo ni ya kuiflashi tu. Bonyeza hapa na hapa kwa pamoja."

"Haitaharibika?"

"Itakuwa kama ilivyotoka dukani."

Nikabonyeza. Laiti ningejua.

Ikazima, ikawaka, ikanisalimia vizuri, ikaniuliza nataka lugha gani. Nikacheka mwenyewe. Halafu ikaandika: ingia kwa akaunti iliyokuwa ikitumika kwenye simu hii.

Akaunti gani? Mimi sina akaunti. Mimi nina kibanda.

Hapa niseme ukweli. Simu ile haikuwa yangu, ilikuwa ya mke wangu. Alifariki miaka minne iliyopita nami nikairithi. Picha zake zote zilikuwa humo. Nje ya ile simu ninayo moja tu, ya kitambulisho, na mwenyewe alikuwa akiichukia. Alikuwa anasema kwenye ile picha anafanana na mtu aliyekamatwa.

Naishi peke yangu, vyumba viwili. Jioni nikirudi, naiegemeza simu kwenye birika, natafuta picha moja aliyokaa mlangoni anacheka, nakula nikimwangalia. Namweleza kufuli gani lilinisumbua siku hiyo. Ndiyo, naongea na picha. Atakayenicheka aje kwanza akae vyumba vile peke yake wiki moja.

Sasa siku zile nikawa nakula nikitazama birika.

Nilijaribu kufungua mwenyewe siku saba nzima. Nilibuni anwani za barua pepe, nikabuni maneno ya siri, nikaweka jina la mke wangu, tarehe aliyozaliwa, tarehe tuliyooana. Mteja akija na kufuli namwambia usilazimishe, ukilazimisha utavunja. Mimi nilikuwa nalazimisha asubuhi na jioni.

Siku ya nane nilichoka. Siku ya tisa nikaenda kwa Mama Chaji.

Mama Chaji ni fundi simu wa mtaani kwetu. Alianza kwa kuwachajia watu simu, ndiyo jina likamganda. Mwanamke wa makamo, mikono myepesi, mdomo nao haujambo.

"Mzee Kufuli leo umeletewa kufuli usiloliweza?"

"Nicheke baadaye. Nisaidie kwanza."

Akaigeuza simu. Akaacha kutabasamu.

"Ni yako hii?"

"Ya marehemu mke wangu."

"Samahani, lazima niulize. Una uthibitisho wowote?"

Sikukasirika. Hata mimi sifungui mlango wa mtu mpaka jirani atoke aseme ni kwake kweli. Nilikuwa nimebeba boksi la simu kwenye mfuko wa nailoni. Akalinganisha zile namba ndefu za kwenye boksi na za kwenye simu, akaridhika.

"Nisikilize vizuri," akasema. "Njia ni mbili. Naweza kuiruka hii akaunti. Nusu saa tu, simu inafanya kazi, unapiga, unapokea. Lakini picha hutaziona tena."

"Na ya pili?"

"Tuingie kwa akaunti ile ile. Kwenye simu picha zimeshafutika, ila kama zilikuwa zinahifadhiwa kwenye akaunti, zitarudi. Nani aliwafungulia akaunti?"



Hilo swali nalijua. Mteja akija kafungiwa nje, cha kwanza namuuliza: ufunguo wa akiba anao nani? Wapo wanaojibu palepale. Wapo wanaoangalia pembeni, nami najua papo hapo kwamba ufunguo anao mtu waliyekosana naye.

Nikaangalia pembeni.

"Sijui," nikasema. Uongo mtupu.

Mama Chaji alikuwa amelifungua boksi, anasoma ndani ya kifuniko.

"Mbona anwani imeandikwa hapa?"

Mwandiko ule wa kulalia kulia niliujua kabla sijavaa miwani. Mimi ndiye niliyemshika mkono mwenye mwandiko huo wakati anajifunza herufi.

Mama Chaji akaingiza anwani. Ikakubali. Ikataka neno la siri, akabonyeza kwamba tumelisahau. Ikawaza kidogo.

"Inasema imetuma namba kwenye simu inayoishia na sitini na tatu," akasema. "Ni simu ya nani?"

Ya binti yangu. Mwanangu wa pekee.

Yeye ndiye aliyemnunulia mama yake ile simu, akaifungua kwa akaunti yake mwenyewe ili kazi iishe. Na mimi ndiye niliyemfukuza.

Mke wangu alianza kuumwa tumbo siku ya Ijumaa. Binti yangu alikuwa anafanya kazi mji mwingine, akapiga simu: "Baba, mpeleke hospitali leo." Nikasema tutakwenda Jumatatu. Nilikuwa na kazi ya kubadilisha vitasa vya jengo zima na nilishatoa ahadi. Nilidhani ni tumbo la kawaida.

Jumatatu haikumkuta.

Siku ya tatu baada ya mazishi, mbele ya shangazi zake, binti yangu akaniambia kwa sauti ya chini kabisa: "Baba, ulimchelewesha."

Nikamwambia atoke. Nikamwambia asikanyage tena kwangu. Namba yake nikaizuia kwenye simu, kisha nikaifuta.

Alisema kweli. Ndiyo maana nilimfukuza.

"Mzee," Mama Chaji akaniamsha. "Namba ile ina muda wake. Unampigia mwenyewe au niiruke?"

"Iruke," nikasema.

Akavuta kompyuta yake, akachomeka waya. Kisha akanigeukia.

"Nikishabonyeza hapa na wewe ukafungua akaunti mpya, hii ya zamani ndiyo basi tena kwenye hii simu. Nibonyeze?"

Nikaona vile vyumba viwili. Nikaona sahani na birika, mwaka huu, mwaka ujao, mpaka nitakapokoma. Nilimwogopa mwanangu mwenyewe, jamani. Lakini vile vyumba niliviogopa zaidi.

"Ngoja. Niazime simu yako."

Namba niliifuta kwenye simu miaka minne iliyopita. Kichwani haikufutika hata siku moja. Nikaibonyeza yote bila kukosea.

Ikaita mara mbili.

"Haloo?"

Sauti ya mama yake kabisa. Nikaishika meza ya Mama Chaji.

"Ni mimi," nikasema.

Nyuma yake nasikia mngurumo wa gari kubwa.

"Baba?"

"Ndiyo. Samahani kwa kukusumbua. Kuna namba imeingia kwenye simu yako sasa hivi, ya tarakimu sita. Naomba unisomee tu, sitakusumbua tena."

"Baba, umemeza dawa leo?"

Presha ilinianza mwaka mmoja baada ya msiba. Yeye hakuwepo. Sikumwambia ndugu wala jirani, hata kinyozi hajui.

"Umejuaje kwamba nameza dawa?"

"Kwani si unapiga picha?"

Ni kweli. Kuna siku nilisahau kwamba nimeshameza, nikameza tena, nikaanguka kibandani. Tangu hapo kila asubuhi naweka kidonge kiganjani, nakipiga picha, ndipo nameza. Mchana nikiwa na wasiwasi naangalia picha. Ni hesabu yangu mwenyewe, sikuwahi kumwonyesha mtu.

"Akaunti ni yangu, Baba," akasema. "Chochote unachopiga kinakuja kwangu. Kufuli zako. Kidole gumba chako, maana unakiweka mbele ya kamera kila mara. Kila asubuhi naona kidonge."

"Miaka yote hii?"

"Yote. Mwanzoni nilitaka kuzima. Kisha ukaja mkono wako, una grisi kwenye kucha, nikashindwa. Ulinizuia, siwezi kukupigia. Nikasema, nikikiona kidonge, basi Baba ameamka."

Nilikuwa nimekaa kwenye kistuli. Sikumbuki nilikaa wakati gani.

"Leo siku ya tisa sijaona kitu," akaendelea, sauti imeanza kukatika. "Siku tatu nikasema labda simu imeharibika. Nikapiga kwa simu za watu, hupatikani. Jana nikaomba ruhusa kazini. Niko kwenye basi, Baba, nakuja huko. Nimebeba nguo za msiba. Sikujua nitakukuta vipi."

Mama Chaji alijifanya anafuta kioo cha simu fulani. Kioo chenyewe kilikuwa kisafi.

Miaka minne nilijua hakuna mtu duniani anayejua kama nimeamka au sijaamka. Niliamini hivyo kila siku, nikala kwa imani hiyo, nikalala nayo. Kumbe kuna mtu alikuwa ananihesabu.

"Mwanangu."

"Naam."

"Mama yako nilimchelewesha. Ulisema kweli."

Gari likanguruma, likabadilisha gia.

"Andika, Baba," akasema. Akanisomea tarakimu sita, polepole, moja moja, kama anavyosomewa mtoto.

Mama Chaji akaziingiza. Simu ikazunguka, ikafunguka. Picha zikaanza kushuka. Vidonge, vidonge, vidonge, zaidi ya elfu moja, kila kimoja kiganjani kwangu. Vikapita vyote. Chini kabisa, akatokea mke wangu amekaa mlangoni.

Mama Chaji alisoma tarehe za juu.

"Basi siku hizi tisa ulikuwa unajuaje kama umemeza?"

"Nilikuwa nakisia," nikamwambia.

Binti yangu alifika alasiri. Nilimsubiri mlangoni tangu saa saba, nimevaa shati la kutokea. Alishuka na begi moja, amekonda, mwendo ni wa mama yake.

Hakunikumbatia. Alinisalimia, nikaitikia, akaweka begi chini, akasema: "Lete dawa."

Nikaleta. Akavihesabu vidonge juu ya meza kwa ncha ya kidole. Vilizidi vinne. Maana yake siku nne sikumeza kabisa.

Wacha anigombeze. Alinigombeza mimi mzee wa watu, amesimama, mkono kiunoni, kwamba sina akili, kwamba najifanya fundi wa kila kitu, kwamba nilitaka aje kunizika. Sauti ilifika kwa jirani mpaka akatoka kuchungulia. Mimi nimeinamisha kichwa, naitikia ndiyo, ndiyo, mama.

Machozi yalikuwa yananitoka, na sikutaka anyamaze. Ilikuwa miaka minne hajatokea mtu wa kunigombeza.

Akaunti sikubadilisha. Mama Chaji aliniuliza kama nataka nifunguliwe yangu, nikakataa.

Kwa hiyo wewe unayesoma hapa, usisubiri simu ikufungie. Leo hii angalia imefunguliwa kwa akaunti ya nani, na namba ya siri ikitumwa inakwenda kwa nani. Ukikuta ni mtu mliyekosana, usimtafute fundi wa kuiruka akaunti. Mpigie mwenyewe, na kama kosa ni lako, anza kwa kulitaja. Mimi nilianza kwa kuomba tarakimu sita, na hadi leo naona aibu.