Namba Isiyogawanyika

Mwalimu mstaafu wa hesabu haamini namba yoyote ndefu, hata ya gari la jirani. Sembuse hii aliyoletewa na mchumba wa bintiye: tarakimu za moja tupu, tisini na moja kwa jumla, zimejipanga kama watu wasio na hatia.

"Haigawanyiki, baba. Kama mimi na binti yako."

"Ngoja kwanza." Mzee akakunja uso, akaikata kwa kalamu, tarakimu saba saba. Mafungu kumi na matatu, yote sawa, bila baki. "Fungu moja tu linaigawa namba nzima! Unamdanganya nani?"

Mke wa mzee akacheka, akamgeukia mumewe.

"Na ile namba uliyomwapia baba yangu siku ya posa kuwa haigawanyiki, uliwahi kuikata?"

Mzee akafunika kalamu. Hiyo ndiyo pekee ambayo hajathubutu kuigusa.