Msusi Aliyeogopa Kichwa cha Mwanawe

Wifi yangu ni msusi, tena si wa kubahatisha. Ana mkono mwepesi hata watoto wakorofi husinzia akiwasuka. Saluni yake ni chumba kimoja, na kioo amekitundika karibu na mlango, mbali na viti. Anasema mteja anayejitazama hasemi kitu. Lakini akikaa chini akampa msusi kisogo, haoni uso wa mtu, basi humwaga yote: mume, mama mkwe, bosi, hata jino linalouma. Wifi anatia "ehee" na "pole" mahali pake. Mimi nina duka mlango wa pili, nimeona wanawake wakiingia wamenuna wakatoka wanacheka, wala si kwa ajili ya nywele tu.

Lakini kinyozi hajinyoi. Mdogo wake wa pekee, aliyemlea mwenyewe tangu mama yao afariki, aliugua akafa. Wifi alizika, akapokea pole za watu, akafungua saluni. Tukamsifu kwa ushujaa wake, wajinga sisi. Hatukuona kwamba tangu msiba ule hajagusa kichwa cha binti yake. Mtoto akileta chanuo, mama amechoka. Siku nyingine mgongo. Mwishowe akawa anampa hela akasukwe kwa msusi wa ng'ambo ya barabara, na mtoto akaacha kuomba.

Siku moja binti huyo alikuja dukani kwangu, akaegemea friji ya soda.

"Shangazi, mama anasuka vichwa vya mtaa mzima. Changu kina nini?"

Nilimfungulia soda, wala sikumdai. Jioni nilimfuata wifi nikamwambia bila kumung'unya kwamba anampoteza mtoto, na kwamba pale zahanati yupo mshauri anayeongea na watu wenye mizigo ya moyoni.

"Mimi sina wazimu," akasema.

"Nani kakwambia unao? Mguu ukiteguka si unakwenda kukandwa?"

Akanisonya. Ila juma lililofuata alikwenda.

Alirudi na habari kemkem, zote za mshauri! Kwamba ni msichana mdogo tu, kwamba mchumba wake hana msimamo, kwamba mama mkwe mtarajiwa ana maneno. Mara ya pili, vilevile. Wifi alikuwa amemfanyia mshauri kazi yake ya kila siku: "ehee", "pole", na yule binti wa watu akafunguka kama mteja.

Mara ya tatu mshauri mwenyewe alishtuka, akacheka.

"Dada, leo tena nimeongea mimi! Huko kazini kwako, watu wanafunguka vipi?"

Wifi akamweleza habari ya kisogo. Mshauri akauliza, "Na sisi tujaribu hivyo?"

Wakageuza kiti. Wifi akakaa akitazama ukuta, mshauri nyuma yake. Halafu yakamtoka, na baadaye alinisimulia mimi hivi hivi, akiwa amenipa mgongo anaosha vitana.

Mdogo wake alimwomba amsuke pale kitandani hospitali. Wifi akaanza. Nywele zikawa zinang'oka na kumjia mkononi, fungu kwa fungu. Alipofika nusu ya kichwa akashindwa, akasema amechoka, atamalizia kesho. Usiku ule mgonjwa akaaga dunia. Alizikwa kichwa kimesukwa nusu, chini ya kitambaa, na siri hiyo aliijua dada yake peke yake. Na binti yake, jamani, amezichukua nywele za mama mdogo wake vilevile, hadi kile kizingo cha utosini.

"Angekuwa mteja wako anayekwambia haya," mshauri akauliza, "ungemjibu nini?"

Wifi akaujibu ukuta. "Ningemwambia pole. Ningemwambia hukumchoka mdogo wako. Ulichoka kumwona anakwisha."

Akalia hadi mgonjwa mwingine akabisha hodi kwa mshauri.

Msidhani alipona siku ile. Aliendelea kwenda kwa miezi, na mara nyingine alirudi na hasira kuliko alivyokwenda, akanigombeza mimi nisiye na kosa. Nilimvumilia. Nampenda yule mwanamke, ingawa simwambii.

Juzi Jumapili alimwita binti yake, akamkalisha kati ya magoti. Mtoto alikaa kwa wasiwasi, mabega juu. Nilikuwepo, nikajifanya nachambua mchele. Wifi akagawa nywele, akaanza, na huku anasuka akawa anamsimulia habari za mama yake mdogo, alivyopenda kucheka, alivyougua, na ile nusu ya kichwa. Pale katikati mikono ilisimama. Mtoto hakugeuka. Alirudisha mkono wake nyuma akaushika mguu wa mama yake, akaushikilia, mpaka mikono ikaanza tena.

Walipomaliza nikaenda kutazama. Mistari ilikuwa imepinda kama njia ya mlevi! Kazi ambayo wifi angemfukuza mwanafunzi kwa ajili yake. Nikanyoosha mkono nifumue angalau ule wa mbele.

Mtoto akakwepesha kichwa.

"Shangazi, ziache hivyo hivyo. Kanisuka mama."