Fomu ya Cynthia haikutoka Kebirigo

Saa moja na nusu asubuhi, katika soko la Kebirigo, Kaunti ya Nyamira, Gladys Gesare anafungua kufuli mbili za duka lake, anapangusa meza kwa kitambaa chenye maji, kisha anawasha kompyuta nne, moja baada ya nyingine. Wateja wawili wamekwisha kufika. Mmoja ameshika bahasha ya kaki kifuani ili isilowe manyunyu. Gesare anawasalimu kwa Ekegusii na kuwaomba wangoje kidogo.

Kwenye kila mashine anafungua dirisha jeusi, anachapa mstari mmoja wa maandishi, anaingiza nenosiri lisiloonekana likiandikwa, kisha anakunja mikono na kutazama. Kompyuta inaangalia kama kivinjari, yaani ile programu ya kufungulia tovuti, kimepata toleo jipya. Akimaliza ya nne, ndipo anapomwita mwenye bahasha.

“Zamani nilikuwa nawasha tu na kuanza kazi,” anasema. “Sasa siwezi. Kuna msichana alipoteza mwaka mzima kwa sababu yangu.”

Gesare ana miaka arobaini na mitatu. Duka hili lilianzishwa na marehemu mumewe, Mwalimu Mokua, aliyefundisha hesabu katika shule ya upili na kutengeneza kompyuta wakati wa likizo. Alinunua mashine kuukuu na kuzitia Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta usiolipiwa, kwa kuwa mfumo mwingine ungewagharimu zaidi kuliko mashine zenyewe. Akachagua kivinjari, akapanga humo tovuti zote ambazo watu wa Kebirigo huzihitaji: vyeti vya kuzaliwa, matokeo ya mitihani, maombi ya vyuo. Mkewe alijifunza kubonyeza palipohitajika kubonyezwa, basi.

Mwalimu alifariki mwaka 2019, baada ya kuugua wiki tatu. Walipomaliza matanga, Gesare alirudi dukani, maana hapakuwa na mwingine wa kulisha nyumba. Aliapa moyoni kutogusa chochote alichokiacha mumewe. Kila kompyuta ilipomwuliza kama anataka kusasisha, alijibu hapana. Alifanya hivyo miaka mitano.

“Nilipofungua asubuhi, niliona vitu vilivyo vile vile alivyovipanga kwa mkono wake,” anasema. “Niliona nikibadilisha, ni kama ninamfukuza.”

Kisha, mwezi wa tatu mwaka jana, mfuko mmoja wa ufadhili wa masomo ulitangaza nafasi. Maombi ya uuguzi yangefungwa Jumanne, na ya kozi nyingine Ijumaa saa kumi na moja jioni. Cynthia, binti wa mkulima wa majani chai aitwaye Ombati, alikuja Jumatatu na vyeti vyake vyote, akiomba uuguzi. Gesare alimjazia fomu polepole, akihakiki kila herufi, akabonyeza pa kutuma. Ukurasa ukawa mweupe, ukabaki hivyo.

Hakushtuka. Mtandao wa Kebirigo huzubaa mvua inaponyesha, na ukurasa mweupe alikuwa ameuona mara nyingi. Alimwambia Cynthia kwamba fomu imekwenda, angoje ujumbe kwenye simu. Siku hiyo na tatu zilizofuata aliwahudumia wengine kumi, wa kozi nyingine, kwa fomu hiyo hiyo, na wote aliwaambia hivyo hivyo.

Jumatano Cynthia alirudi kuuliza, kwa kuwa ujumbe haukuwa umefika. Gesare alimwambia awe na subira. Usiku ule hakulala vizuri. Asubuhi ya Alhamisi aliwajazia wawili wa mwisho, akafunga duka na kwenda Kisii mjini kwa Abdimajid, muuza vifaa vya kompyuta anayemuuzia karatasi na wino, akamwomba amfungulie ukurasa wa Cynthia wa tovuti ya mfuko ule kwenye mashine yake.

Abdimajid alitazama, kisha akamgeuzia kioo.

“Mama, hii fomu haijawahi kutoka,” alisema. “Ilijazwa tu. Haikutumwa.”

Alimweleza taratibu. Kompyuta zake zilikuwa nzima, na Linux haikuwa na kosa. Kivinjari ndicho kilichozeeka. Tovuti ile ilikuwa imejengwa upya na haikuelewana tena na programu ya miaka mingi iliyopita. Dawa ilikuwa moja, kuweka kivinjari kingine. Akampa faili lake kwenye flashi, akamwandikia mistari mitatu kwenye karatasi na kumwonya kwamba Linux hutofautisha herufi kubwa na ndogo.

Gesare alikuwa Kebirigo tena saa tisa alasiri. Zilikuwa zimebaki saa ishirini na sita. Alichapa mstari wa kwanza, mashine ikakataa. Alikuwa ameanza kwa herufi kubwa, kama alivyofundishwa kuanza sentensi. Akarudia. Safari hii ikaomba nenosiri la mwenye mashine, na mwenye mashine alikuwa Mwalimu.

Nyumbani, ndani ya sanduku la nguo, kulikuwa na daftari la mumewe ambalo hakuwa amelifungua tangu mazishi. Alilifungua akiwa amesimama. Nenosiri lilikuwa ukurasa wa kwanza. Chini yake, kwa mwandiko wa mumewe, kulikuwa na maagizo: sasisha kila mwezi; kivinjari kikichoka, weka kingine, usikionee huruma.

“Nilikaa kitandani nikalia,” anasema. “Nilidhani ninamtii. Kumbe yeye alikuwa ameniambia kinyume, ni mimi sikusoma.”

Alirudi dukani kabla giza halijaingia. Alihamisha ile orodha ya tovuti za mumewe kwenye kivinjari kipya, mashine kwa mashine. Kisha akafungua kitabu ambamo wateja huandika majina na nambari za simu, akampigia kila mmoja wa wale kumi, akimwambia ukweli na kumwomba arudi. Wawili walimtukana. Kesho yake wote kumi walikuja. Fomu ya mwisho ilitumwa saa kumi na dakika arobaini, na ujumbe ukaingia kwenye simu ya mwenyewe akiwa bado kitini. Gesare alifunga duka, akaenda nyumbani kuipokea Sabato.

Lakini fomu ya kumi na moja, ya Cynthia, haikuwa na dawa. Uuguzi ulikuwa umefungwa Jumanne.

Jumapili alipanda hadi kwa Ombati. Angeweza kusema ni mtandao, na angeaminiwa. Watu walikwishamshauri hivyo. Alimkuta mzee na binti yake wakirudi kutoka shambani na vikapu vya majani chai. Alieleza yote akiwa hajakaa. Ombati alimsikiliza hadi mwisho.

“Mama, ungenyamaza nisingejua,” alisema.

“Ningejua mimi,” Gesare akajibu.

Ombati aliingia ndani bila kumkaribisha. Cynthia ndiye aliyemsindikiza hadi barabarani.

Mwaka ule Cynthia alichuma majani chai na baba yake. Mwezi wa tatu mwaka huu maombi yalipofunguliwa, alipita maduka mawili ya kompyuta na kuingia kwa Gesare. Aliomba aketi yeye mwenyewe. Gesare alisimama nyuma ya kiti. Cynthia alipobonyeza pa kutuma, ujumbe ulifika kabla hajasimama. Amepata nafasi, na masomo yanaanza mwezi wa tisa. Babake hajawahi kukanyaga duka lile, ingawa siku hizi wakikutana sokoni huitikia salamu.

Siku mbili za juma Gesare hufunga duka mchana. Amekwenda Masimba, amekwenda Kenyenya, katika kaunti jirani ya Kisii, kuwaonyesha wenye maduka kama yeye namna ya kukagua na kubadilisha vivinjari. Kenyenya alikuta mama mmoja akitumia kile kile cha zamani, na foleni ya wanafunzi mlangoni. Sasa anapanga kulifikia kila duka la kompyuta katika Nyamira kabla maombi ya mwaka ujao hayajafunguliwa.

“Mtu akiniuliza kama fomu yake imefika,” anasema, “sitaki kukisia tena.”